Mwalimu Ameomba Ruhusa Tena

Katika mwaka mmoja wa shule nilimzika shangazi yangu mara mbili, naye hadi leo yu mzima, anauza sambaza sokoni Kituku. Mara ya kwanza nilimwambia mkurugenzi wa shule kwamba shangazi amefariki, nikapewa siku moja ya kilio. Miezi mitano baadaye nilikuwa nimesahau kwamba nimekwisha kumzika, nikamzika tena. Kati ya misiba hiyo miwili niliugua malaria mara nne, na mara moja nilikwenda kufuatilia kadi ya uchaguzi ambayo haikuwa imepotea. Ukweli ni kwamba siku hizo zote nilikuwa nimeketi kwenye benchi la hospitali, pengine na mume wangu, pengine peke yangu, nikingoja kuitwa. Tulikuwa tunatafuta mtoto.

Nawasimulia haya kwa sababu wengi wenu mtafunga ndoa, na si wachache kati yenu watakaosomea ualimu, hapa ISP Goma au kwingineko. Baadhi yenu mtalikalia benchi lile. Wengine mtakuwa wakurugenzi wa shule, waimbaji wa kwaya, mawifi na mashemeji wa wale wanaolikalia. Neno langu ni moja: kutibiwa ili upate mtoto huku ukifundisha kunawezekana, maana ratiba hupangika. Kinachomvunja mwalimu ni uongo anaolazimika kuusema ili apate kutibiwa. Na uongo huo hautungi peke yake; anasaidiwa kuutunga na midomo ya watu wanaomzunguka.

Kalenda mbili

Shule ina kalenda yake. Inafunguliwa mwanzoni mwa Septemba, inafungwa mwanzoni mwa Julai, na kengele ya asubuhi hailii kwa huruma ya mtu. Katika shule ya msingi darasa zima liko mikononi mwa mwalimu mmoja: hesabu ni yeye, Kifaransa ni yeye, dini ni yeye. Tangu Septemba 2019, elimu ya msingi ilipoanza kutolewa bure kama Katiba ya 2006 ilivyoahidi, madarasa yamefurika. Ni jambo jema, kwa kuwa watoto waliokuwa wakibaki nyumbani sasa wanasoma. Lakini mwalimu akitoka, hakuna mwenzake aliyeketi bure akingoja kushika chaki.

Mwili wa mwanamke una kalenda nyingine, nayo haibandikwi ukutani mwanzo wa mwaka. Siku ya kwanza ya hedhi ndiyo siku ya kwanza ya hesabu. Siku ya pili au ya tatu, daktari huagiza damu ipimwe homoni. Kati ya siku ya saba na ya kumi hivi, hedhi ikiwa imekwisha na yai likiwa bado halijapevuka, hupigwa picha ya eksirei ya mirija ya uzazi, ili kuona kama iko wazi au imeziba. Mke akiandikiwa vidonge vya kuamsha mayai, huvimeza kwa siku tano mwanzoni mwa mzunguko. Kisha, karibu na siku ya kumi, huitwa kwa ekografia, na pengine huitwa tena baada ya siku mbili, na tena, ili daktari aone yai linavyokua. Juma moja baada ya yai kutoka, damu hupimwa tena. Hesabuni wenyewe: kwa mzunguko mmoja miadi hufika mitano au sita. Na mimba isipotunga, siku ya kwanza inarudi, na hesabu inaanza upya.

Mwaona basi tatizo lilipo. Mkurugenzi anataka kujua mapema. Mwili unatoa taarifa ya siku mbili. Tena damu hutolewa asubuhi, na daktari huona wagonjwa asubuhi, saa zile zile ambazo watoto wamesimama mbele ya darasa wakisema kwa sauti moja, "Bonjour, Mwalimu!" Mwenye duka anaweza kumwachia mdogo wake funguo. Mkulima anaweza kwenda shambani alasiri. Mwalimu hawezi kuliahirisha darasa la tatu hadi jioni.

Juu ya hayo kuna mfuko. Vita vilipoingia mjini mwetu mwishoni mwa Januari 2025, benki zilifungwa, na mwalimu aliyezoea kwenda dirishani kuchukua mshahara akabaki akiuliza atapitia wapi. Kipimo kilichopangwa siku ya tatu hakingoji mshahara. Mzunguko mzima ukapita. Na mke aliyefikisha miaka 35, ambaye uwezo wake wa kushika mimba unapungua kadiri siku zinavyokwenda, anajua maana ya mzunguko mmoja kupita.

Hata hivyo nasema tena: hayo yote yana njia. Ruhusa ya saa mbili, mwenzako wa darasa la jirani, daftari la maandalio lililoachwa mezani. Kwa nini basi nilimzika shangazi?

Jina ambalo sikuwa nalo

Katika shule yangu ya kwanza nilisema kweli. Nilikuwa mgeni katika ndoa na katika kazi, nikamweleza mkurugenzi nilikokuwa nikienda. Juma lililofuata, katika mkutano wa walimu, alisoma orodha ya waliokosa kazini, na alipofika kwenye jina langu akasema, "Huyu yeye anatafuta wake, sisi tunabaki kumlelea wale sitini." Watu walicheka. Sidhani kama alikuwa na nia mbaya. Alitaka kuchangamsha mkutano. Lakini kabla ya Jumapili habari ilikuwa imefika parokiani. Mama mmoja wa shirika la mtaani kwetu alinishika tumbo mbele ya watu, akaniombea kwa sauti kubwa. Sikuwa nimemwomba. Nilipohamia shule nyingine, nilikwenda na malaria yangu tayari mdomoni.

Hapa kwetu mwanamke akizaa hupewa jina jipya. Anakuwa Mama Furaha, Mama Josué, na jina lake la zamani linabaki katika karatasi. Asiyezaa hubaki bila la kuitwa, na watu humkwepa kwa "dada" au kwa jina la mumewe. Mimi niliokolewa na kazi yangu: nikaitwa Mwalimu. Ni jina zuri, nalipenda. Lakini kila siku watu walinifariji kwalo: "Wewe una watoto sitini, walia nini?" Wanafunzi wangu nawapenda, lakini saa sita na nusu kengele inalia, nao wanakwenda kwa mama zao.

Wahenga walisema: mficha uchi hazai. Wakasema pia: mficha maradhi, kilio humfichua. Methali hizo twazijua sote, na twazitumia kumlaumu anayejificha. Naomba leo tuzigeuze, tuulize ni nani aliyemficha. Mtu haanzi kujificha mpaka ameonekana mara moja na kuchekwa. Ukimcheka mgonjwa leo, kesho usimshangae akija na shangazi aliyefariki.

Na siri hiyo ina gharama kubwa kuliko aibu. Hospitali hufunguliwa saa za kazi. Mganga wa mitishamba na nabii wa chumba cha uani hufunguliwa usiku na Jumapili mchana. Anayeogopa kuomba ruhusa atakwenda kwa yule asiyehitaji ruhusa. Huko atalipa, atakunywa asichokijua, atatajiwa shangazi mchawi, na miaka mitatu itapita kabla ya mtu yeyote kupima damu yake. Nimewaona dada zangu waliopotezwa hivyo. Hawakukosa akili, walikosa saa mbili za asubuhi na mtu wa kuwatunzia siri.

Ni ugonjwa, na ni wa wawili

Shirika la Afya Duniani linaufafanua ugumba kuwa ugonjwa wa viungo vya uzazi vya mwanamume au vya mwanamke: mimba kutotunga baada ya miezi 12 au zaidi ya kukutana bila kinga. Mwezi wa Aprili 2023 Shirika hilo lilitoa makadirio kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya sita duniani hupambana nao katika maisha yake. Tazameni kikundi chenu kilichoketi leo, mhesabu kwa sita.

Nchi yetu inayo historia yake katika jambo hili. Katika miaka ya 1950, wachunguzi wa idadi ya watu, akiwamo Anatole Romaniuk, waligundua kwamba katika sehemu fulani za kaskazini mwa Kongo, kule Equateur na Uele, zaidi ya mwanamke mmoja kati ya watano alimaliza umri wa kuzaa bila mtoto hata mmoja. Je, jimbo zima lililaaniwa? Je, maelfu yale yote ya wanawake walirogwa na shangazi? Wataalamu walioendelea kuchunguza wameonyesha kwamba sababu kubwa ilikuwa magonjwa ya zinaa, hasa kisonono, yaliyosambaa katika misukosuko na safari za watu wakati wa ukoloni, yakaziba mirija ya uzazi. Dawa za kuua vijidudu zilipoenea baada ya Vita vya Pili vya Dunia, hali ikaanza kubadilika. Laana haitibiwi kwa penisilini.

Magonjwa hayo bado yapo. Kisonono na klamidia visivyotibiwa, na maambukizi baada ya kuzaa au baada ya mimba kuharibika katika mazingira machafu, bado huziba mirija ya dada zetu, mara nyingi bila maumivu yanayoonekana. Hili nawaambia ninyi vijana kwa upendo na bila kuzungukazunguka: usafi wa moyo ndiyo ngao ya kwanza, lakini aliyeumwa asikae na ugonjwa kwa kuwaogopa wazazi au padri. Aende atibiwe mapema.

Kisha tukumbuke tunaishi wapi. Katika mkoa huu wapo wanawake ambao vita vilijeruhi miili yao kwa namna ambayo hawataisimulia kamwe. Unapomwuliza mwanamke wa Kivu ya Kaskazini kwa mzaha, "Mbona hujazaa?", hujui mlango gani unaubisha. Usiubishe.

Na ninyi kaka zangu: katika karibu nusu ya ndoa zinazochelewa kupata mtoto, sababu iko pia kwa mume, peke yake au pamoja na ya mke. Lakini ni nani anayekaa kwenye benchi? Nilikaa mimi mwaka mzima, nikatobolewa mishipa, nikapigwa eksirei inayouma, kabla mume wangu hajakubali kupimwa mbegu zake. Kipimo chake hakiumi, na hakihitaji hesabu ya siku za mwezi. Kinataka tu siku chache za kujizuia, na sampuli ifikishwe maabara kabla saa moja haijapita. Wanaojali maadili ya ndoa katika namna ya kuipata sampuli hiyo waulize, njia halali ipo. Mume angepimwa kwanza, nisingemzika shangazi hata nusu ya mara. Katika nyumba ya Elizabeti, Mwinjili Luka anatuambia, aliyefungwa mdomo alikuwa mume. Nawaachia mlitafakari.

Kanisa linasema nini

Wako wanaomwona mkristu akiingia kwa daktari wa uzazi wakadhani amekwenda kutenda dhambi. Kutojua huku kunaongeza siri, basi tuseme wazi. Tarehe 22 Februari 1987 Idara ya Mafundisho ya Imani ilitoa hati iitwayo *Donum Vitae*. Fundisho lake, ambalo Katekisimu ya 1992 imelishika, ni hili kwa ufupi: tiba inayolisaidia tendo la ndoa lifikie lengo lake ni njema, njia inayolibadili tendo hilo na kuweka kazi ya maabara mahali pake, Kanisa haliikubali, hasa pale ambapo viinitete hutupwa. Mtoto ni zawadi. Hakuna anayeweza kumdai kama deni. Lakini Katekisimu hiyo hiyo inakiri kwamba mateso ya mume na mke wasiopata mtoto ni makubwa, na inazihimiza tafiti za kupunguza ugumba.

Sasa rudini kwenye ile orodha ya miadi: kupima homoni, kutazama mirija, kutibu maambukizi, kuamsha mayai, kuzibua mirija kwa upasuaji. Yote hayo yamo ndani ya mlango ulio wazi kwa mkristu. Hata elimu ya ishara za uzazi, kama ile ya madaktari John na Evelyn Billings wa Australia, ambayo Kanisa huwafundisha wachumba kwa ajili ya kupanga uzazi, hutumika vilevile kutafuta mtoto. Nami niliona faida yake ya pili: aliyezoea kuandika siku zake hukadiria juma la miadi kabla halijafika, akamweleza mkurugenzi mapema.

Utungishaji wa maabara nao upo karibu nasi. Louise Brown, mtoto wa kwanza duniani wa njia hiyo, alizaliwa Uingereza tarehe 25 Julai 1978. Kampala na Nairobi wamekuwa na watoto wa namna hiyo tangu miaka ya 2000, na wapo wanaovuka mpaka kutoka kwetu kuitafuta. Kwa hao nasema mambo mawili. Anayefikiria njia hiyo aongee kwanza na muungamishi wake, bila kuogopa kufukuzwa. Na mtoto aliyekwisha kuzaliwa kwa njia hiyo ni mtoto wa Mungu sawa na wewe; asisikie kamwe neno baya kutoka kinywani mwa kijana wa parokia.

Siku shangazi alipofufuka

Nirudi kwa shangazi. Jumapili moja, baada ya Misa, alinijia mbio uwanjani na kikapu chake, akinikumbatia kwa kelele, "Binti ya kaka yangu!" Mkurugenzi wangu wa shule ya pili alikuwa amesimama hatua tatu kutoka pale. Alimsalimu shangazi kwa heshima zote. Mimi hakuniambia neno.

Jumatatu aliniita ofisini. Akafunga mlango, akauliza polepole, "Mwalimu, shangazi alifufuka siku ya ngapi?" Nililia, kisha nikamweleza. Alinyamaza muda mrefu. Mwishoni akasema, "Lete ratiba ya miadi." Nikamjibu kwamba ratiba sina, mwili wangu ndio unaoitoa, na unanipa siku mbili. Akatikisa kichwa, akamwita mwalimu wa darasa la nne, mama mtu mzima, akamwambia sentensi moja: "Mwenzako ana matibabu ya kurudiarudia, siku atakayokupa ishara, mtafungua mlango wa kati ya madarasa yenu." Hakutaja ugonjwa. Mama yule hakuuliza.

Kitabu cha kwanza cha Samweli kinasimulia juu ya Hana, aliyekuwa akichokozwa mwaka hata mwaka na mke mwenzake kwa sababu hakuwa na mtoto. Alikwenda hekaluni Shilo, akasali midomo ikitikisika bila sauti, na kuhani Eli akamdhania amelewa. Twamkumbuka Eli kwa kosa hilo. Tusisahau lililofuata: Hana alipojieleza, mzee yule hakung'ang'ania neno lake. Aligeuka papo hapo, akamtakia amani na kumbariki. Mkurugenzi wangu alikuwa na haki ya kunifukuza kwa uongo. Alichagua kuwa Eli wa pili, yule aliyesikiliza.

Tangu siku hiyo mpango ulikuwa huu. Jioni ya siku yangu ya kwanza nilimtumia mama yule ujumbe mfupi. Niliacha mezani kazi ya saa mbili: imla, hesabu kumi, ramani ya kuchora. Nilifika hospitalini mapema niwe wa kwanza kutolewa damu, nikarudi kwa pikipiki kabla ya mapumziko. Naye alipohitaji kumpeleka mumewe kupima sukari, nilifungua mlango ule ule.

Najua linalosemwa dhidi yangu, na si neno jepesi. Wakurugenzi husema: "Nikimruhusu mmoja, wote watakuja." Wazazi husema: "Mtoto wangu ana mtihani, mateso ya mwalimu yanamhusu nini?" Haki ya mtoto kufundishwa ni haki kweli. Lakini tulinganishe. Nilipokuwa nasema uongo, nilipoteza siku nzima, maana hakuna anayefiwa kwa saa mbili. Sikuacha kazi yoyote mezani, kwa kuwa msiba haupangwi. Watoto sitini walikaa wakirusha karatasi. Niliposema kweli, darasa lilinikosa kwa saa mbili, nalo lilikuwa na kazi na mtu mzima mlangoni. Ni katika hali ipi mtoto aliibiwa? Na wakija wote, waje: wenye sukari, wenye shinikizo, wenye watoto wagonjwa. Mlango wa kati ya madarasa ni wa wote.

Kanuni ya Kazi ya nchi yetu, ya tarehe 16 Oktoba 2002, inampa mama mjamzito majuma 14 ya likizo ya uzazi. Ni vema. Aliye bado njiani kuitafuta mimba hupita katika mlango wa ugonjwa kama wagonjwa wengine, na mlango huo unafunguliwa au kufungwa na moyo wa mkurugenzi. Sasa basi, tangu mapatano ya tarehe 26 Februari 1977 kati ya Serikali na makanisa, shule nyingi za mji huu husimamiwa na Kanisa letu wenyewe. Hatuna haja ya kungoja sheria kutoka Kinshasa ili mkurugenzi wa shule katoliki ajue kutunza siri, na akubali karatasi ya hospitali yenye tarehe na muhuri bila kudai jina la ugonjwa. Hilo parokia inaweza kuliomba kesho.

Ninachowaomba

Wanakwaya, katika arusi tunaimba tukiwatakia maharusi mtoto baada ya miezi tisa. Imbeni furaha yenu, ila mwezi wa kumi msiwatazame tumbo.

Wachumba, kabla ya arusi ahidianeni jambo hili: mtoto akichelewa, tutakwenda wawili, na mume atapimwa mwanzoni. Ahadi hiyo ni rahisi kuitoa leo. Ni ngumu sana kuitoa mama mkwe akiwa ameketi sebuleni.

Mtakaokuwa walimu, mtafuteni mapema mwenzenu wa mlango wa kati. Msingoje ugonjwa. Na asiwepo anayewalazimisha kusema zaidi ya neno hili: nina matibabu.

Wote, tofautisheni kutunza siri na kuficha. Siri humlinda mwenye nayo. Maficho humla polepole. Mwalimu akiomba ruhusa tena, mpeni ruhusa, mkamwombee kimyakimya, midomo ikitikisika kama ya Hana.

Najua swali lililo vinywani mwenu tangu mwanzo: mwishowe, je, nilimpata mtoto? Vijana wapendwa, hamkuniuliza, nami nawashukuru. Msiulize. Mimi naitwa Mwalimu, na kesho kengele inalia saa moja na nusu.

*Ya kutafakari katika kikundi*

1. Ni maneno gani tunayoyasema arusini, kwaya au shirikani ambayo yanaweza kumfanya mtu ajifiche?
2. Someni sura ya kwanza ya Kitabu cha kwanza cha Samweli. Eli alikosea wapi, na alijirekebisha namna gani? Ni lini sisi tulimhukumu mtu kabla ya kumsikiliza?
3. Kwa nini kijana wa kiume huogopa kipimo kuliko binti? Hofu hiyo tumeipata wapi?
4. Katika shule zilizo karibu na parokia yetu, nani anaweza kuzungumza na wakurugenzi kuhusu mlango wa kati ya madarasa?